Barua ya wazi kwa wakuu wa TEHAMA: muunganisho uandikwe kwenye mkataba

Kwa wakuu wa TEHAMA wizarani, mikoani na katika hospitali za umma, Tanzania na Kenya.
Nakala kwa wenzangu tunaoandika na kutunza programu huria.

Waheshimiwa,

Salaam. Msimu wa bajeti ukikaribia, kuna swali huja mezani kwenu na kujibiwa haraka kuliko linavyostahili. Mifumo yetu ya programu huria, zile ambazo chanzo chake (maandishi ya programu yenyewe) kiko wazi kwa yeyote, iunganishwe na programu za makampuni, zile ambazo chanzo chake kimefungiwa na leseni yake inalipiwa kila mwaka, au isiunganishwe? Muuzaji anawaambia hamna haja ya kuunganisha chochote, nunueni vyote kwake. Baadhi ya wenzangu wa programu huria nao wanasema kuunganisha ni kujitia kitanzi, tukae upande wetu na wao wakae kwao.

Mimi ni fundi wa mifumo katika hospitali ya umma, na jibu langu ni ndiyo, iunganishwe. Ila ndiyo hiyo ina masharti, na masharti yenyewe hayako mikononi mwa fundi. Yako mikononi mwenu, siku zabuni inapoandikwa. Mkataba ukishasainiwa bila hayo, fundi anabaki kubembeleza.

Nendeni maabara, muigeuze ile mashine ya kuhesabu chembe za damu. Nyuma yake, karibu na waya wa umeme, kuna tundu la siriali lenye pini tisa. Kwenye mashine mpya ni tundu la waya wa mtandao. Sampuli ikimaliza kupimwa, mashine hutuma alama moja tu, ya namba 5 katika jedwali la herufi za kompyuta. Maana yake: upo? Kompyuta ikijibu kwa alama ya namba 6, nipo, mashine inaanza kumwaga mistari. Wa kwanza huanza na herufi H, wa kujitambulisha. Unafuata wa P wenye habari za mgonjwa, wa O wenye namba ya sampuli, kisha mistari ya R, mmoja kwa kila kipimo, na mwisho wa L, wa kufunga. Mstari wa R unasomeka hivi:

R|1|^^^HGB|4.9|g/dL||L

Hemoglobini 4.9, gramu kwa desilita, iko chini. Hakuna uchawi hapo. Utaratibu huu uliandikwa na ASTM, shirika la viwango la Marekani, miaka ya mwanzo ya 1990, na mashine nyingi mpaka leo huongea hivyo, au kwa HL7, kiwango kingine cha kutumiana taarifa za afya, ambacho nacho ni mistari ya aina hiyohiyo. Fundi mwenye mwongozo wa mashine anaandika programu ndogo ya kupokea mistari hiyo na kuiingiza kwenye faili la mgonjwa, iwe ni kwenye OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, au mfumo mwingine wowote. Asipokuwa na mwongozo, mtaalamu wa maabara anachapa karatasi, anaisoma, anaandika majibu kwenye mfumo kwa mkono. Saa nane za usiku, foleni ya watoto wa malaria ikiwa mlangoni, 4.9 inaweza kabisa kuandikwa 9.4. Mtoto wa 4.9 huenda akahitaji damu usiku huohuo. Wa 9.4 anaandikiwa dawa na kusubiri asubuhi.

Mtauliza, kama kiwango kipo, shida iko wapi? Kiwango kinasema mstari wa R uwe na sehemu gani. Hakisemi kampuni ikiite kipimo HGB, HB, au 718-7 kama kilivyo kwenye LOINC, orodha ya kimataifa ya namba za vipimo. Hakisemi mashine ifanye nini kompyuta ikichelewa kujibu, wala sampuli iliyorudiwa itambuliwe vipi. Hayo yamo kwenye kijitabu cha kampuni. (Na hati ya kiwango chenyewe haitolewi bure, jambo ambalo sijawahi kuelewa linamsaidia nani.) Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitujibu kwamba kijitabu hicho ni siri ya biashara, ila wanayo programu yao ya kuunganisha, inauzwa kando, leseni kwa kila mashine, na inakaa kwenye kompyuta yao pekee. Mashine tunayo, umeme tunalipa, damu ni ya wagonjwa wetu, lakini namba iliyopatikana haitoki chumbani bila kulipiwa tena. TANESCO hawajawahi kuniambia friji yangu haitapata umeme mpaka ninunue soketi iliyofungwa kufuli lao.

Tena hali ni ngumu zaidi pale ambapo mashine si yetu. Wengi wenu mnaijua mikataba hii: mashine inaletwa bure, hospitali inajifunga kununua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwa mleta mashine kwa miaka kadhaa. Kwenye mikataba ya namna hiyo kila mtu huangalia bei ya kitendanishi kwa kipimo. Habari ya waya wa nyuma haimo.

Sasa niwageukie wenzangu kwa muda, kwa sababu hoja yao nayo ina uzito, na wakuu wanapaswa kuisikia.

Kuna wanaoamini programu huria ilizaliwa safi na inachafuliwa ikigusana na programu funge. Historia yetu wenyewe haisemi hivyo. Mosoriot, kituo cha afya kilicho Nandi, si mbali na Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Mfumo ule ulijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya kutunzia majedwali ya data. Matibabu ya UKIMWI ya mpango wa AMPATH yalipopanuka, Access ikaelemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin, wa upande wa Indiana, wakafika Eldoret kuangalia tatizo, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, iliyoanza kutumika hapohapo mwaka 2006. DHIS, mfumo wa takwimu za afya, vilevile. Toleo lake la kwanza, lililotengenezwa Afrika Kusini baada ya 1994 ili takwimu za afya zilizogawanywa kwa rangi ziwe kitu kimoja, lilikuwa huria kabisa, chanzo chake wazi, lakini lilikaa juu ya Access na Excel. Yaani programu unapewa bure, halafu unakwenda kununua Office ili uifungue. Watu wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wakaiandika upya kwa Java ili iachane na mzigo huo, ikaitwa DHIS2, na mwaka 2011 Kenya ikaisambaza nchi nzima kutoka kwenye seva moja ya kati. Tanzania nayo ikafuata.

Mifumo yote miwili ilianzia kwenye udongo wa Microsoft na ikatoka. Ilitoka kwa sababu data ilitoka. Access ni programu funge, lakini majedwali yake yalisomeka, yakahamishwa mstari kwa mstari mpaka kwenye kanzidata huria. Kama yasingesomeka, historia ya wagonjwa wa Mosoriot ingebaki kwenye kompyuta moja chakavu, au ingeandikwa upya kwa mkono.

Hapo ndipo ninapotenganisha mambo mawili ambayo wenzangu huyachanganya. Kuongea na programu funge ni jambo moja. Kusimama juu yake ni jambo jingine. DHIS ya kwanza ilisimama juu ya Access: Access ikitoka, hakuna kilichobaki. DHIS2 ya leo inaongea na Excel: mratibu wa takwimu wa wilaya anatoa jedwali lake kwenye mfumo, analifungua kwenye Excel aliyoizoea, anachora grafu ya kumwonyesha Mganga Mkuu wa Wilaya. Excel ikitoweka kesho atatumia LibreOffice, na DHIS2 haitasikia chochote. Kama waandishi wa DHIS2 wangesema kwa msimamo kwamba hawatoi faili la Excel, mratibu yule asingehamia programu huria. Angerudi kwenye daftari.

Na si afya tu. Hakuna hospitali itakayoacha kupokea malipo ya M-Pesa kwa sababu M-Pesa si programu huria.

Tumtazame na mwanzilishi wa harakati zenyewe, kwa kuwa jina lake hutajwa sana kwenye mabishano haya. Richard Stallman alitangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuandika mfumo kamili wa kompyuta ulio huria, na programu za mwanzo za mradi huo ziliandikwa na kutumika juu ya Unix, mfumo funge, mpaka vipande vya kuubadilisha vilipopatikana. Maktaba ya C ya GNU, yaani vipande vya msingi ambavyo programu nyingine huvitumia, ilipewa leseni nyepesi, LGPL, inayoruhusu programu funge kuitumia, kwa hesabu kwamba maktaba za C zipo nyingi na kuwazuia watu kungewafukuza tu. Readline, maktaba ya kuhariri mstari unaochapwa, ambayo haikuwa na mfano wake, ikapewa GPL kamili: unayeitaka, fungua chanzo chako. Huyo ni mtu anayepima nguvu aliyonayo kabla ya kuamua, wala hakuwa na kanuni moja ya kila mahali.

Kipimo hicho kilimlipa alipokuwa na nguvu. Kampuni ya NeXT ya Steve Jobs ilitaka kuongeza lugha ya Objective-C kwenye GCC, kikusanyi cha GNU (chombo kinachogeuza chanzo kuwa programu inayoendeshwa), bila kutoa chanzo cha nyongeza yake. Ikakataliwa, ikatoa. Lakini baadaye GCC iliendelea kwa miaka kuzuia hata programu-jalizi, kwa hofu kwamba makampuni yatachomeka vipande vyao vilivyofungwa. Mlango huo ulifunguliwa kwenye toleo la 4.5, mwaka 2010, kwa leseni iliyoandikwa kwa uangalifu. Wakati huo LLVM, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois na kuchukuliwa na Apple, ilikuwa imeshawavuta wengi waliotaka kikusanyi cha programu kinachokubali kuongea na vifaa vingine. Kwa maoni yangu, GCC ilichelewa, na ikalipa gharama. Wapo watakaonipinga, nao wana hoja: LLVM ina leseni inayoruhusu kampuni kuchukua na kufunga, na zipo zilizofanya hivyo. Nakubali. Ila sisi wa mifumo ya hospitali hatuna GCC mkononi. Hakuna kampuni ya mashine za maabara itakayofungua chanzo chake kwa kuogopa kukosa OpenMRS. Tukisusa, wanaoumia ni wale wa foleni ya saa nane za usiku.

Kisa ninachopenda kuwapa vijana wanaoanza kazi ni cha BitKeeper, kwa kuwa kina kila kitu ndani yake.

Kuanzia mwaka 2002, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake wengi walitunza chanzo cha mfumo huo, mradi mkubwa wa programu huria duniani, kwa kutumia BitKeeper, programu funge ya kutunza historia ya mabadiliko ya chanzo, ya kampuni ya BitMover ya Larry McVoy. Walipewa bure. Bure hiyo ilikuwa na kifungu: anayeitumia asishiriki kutengeneza programu shindani. Wengi walinung'unika, lakini kazi ilikwenda haraka kuliko zamani, kwa hiyo wakanyamaza. Kisha akaja Andrew Tridgell, Mwaustralia ambaye hakuwa mtumiaji wa BitKeeper wala hakuwa amekubali leseni yake. Alichotaka ni programu ndogo huria ya kuvuta historia ya Linux kutoka kwenye seva ya BitKeeper. Mwezi Aprili 2005, kwenye mkutano wa Linux mjini Canberra, alionyesha jukwaani alivyofanya. Alijiunga na seva kwa telnet, chombo cha zamani ambacho kila fundi anacho, akaandika neno la Kiingereza la kuomba msaada: help. Seva ikamworodheshea amri zake yenyewe.

Kabla hata ya onyesho hilo, BitMover ilikuwa imeshaondoa toleo la bure kwa sababu ya kazi yake hiyo. Torvalds alimkasirikia Tridgell hadharani, jambo ambalo watu husahau kulisimulia. Na mwezi huohuo wa Aprili alikaa chini akaandika mwanzo wa Git, programu huria ya kazi ileile ya BitKeeper. Linux 2.6.12 ya Juni 2005 ilitoka ikiwa imetunzwa kwa Git, na leo ni vigumu kupata mwandishi wa programu asiyeitumia, wakiwemo wa makampuni yenye programu funge. BitKeeper yenyewe iliwekwa huria mwaka 2016, wakati hakuna aliyeisubiri.

Wenzangu hukisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba tusiguse programu funge. Mimi nakisoma tofauti. Kilichowaangusha watu wa Linux ni kifungu cha kukataza muunganisho, na wao walikikubali kwa sababu bidhaa ilikuwa bure na nzuri. Kama BitMover ingechapisha namna seva yake inavyoongea na kumwacha Tridgell aandike chake, huenda wangekuwa na wateja mpaka leo. Na Tridgell, kwa kuandika neno moja, alitoa data ya Linux kwenye chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa wa mtu mwingine. Hiyo kazi ya kuunganisha ndiyo iliyoukomboa mradi.

Waheshimiwa, narudi kwenu, na narudi na Tridgell huyuhuyu, kwa kuwa kisa chake kingine kinawahusu moja kwa moja. Ndiye mwanzilishi wa Samba, programu huria inayoiwezesha seva ya Linux kutoa faili na printa kwa kompyuta za Windows. Ofisi nyingi za umma zinaitumia bila kujua, imo ndani ya viboksi vya kuhifadhia faili. Alianza akiwa mwanafunzi wa uzamivu Canberra, kati ya 1991 na 1992, kwa kusikiliza kompyuta zikiongea kwenye waya na kukisia kila baiti ina maana gani. Kwa miaka mingi Samba iliandikwa hivyo, kwa kusikiliza na kukisia. Machi 2004 Tume ya Ulaya ikaitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya namna seva zake zinavyoongea, ili za wengine ziweze kuongea nazo. Microsoft ikakata rufaa, ikashindwa Septemba 2007. Desemba mwaka huo waandishi wa Samba wakapata hati hizo kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000, kwa masharti yaliyowaruhusu kuendelea kutoa programu yao na chanzo chake wazi.

Ulaya ilihitaji kesi ya miaka na mahakama ili kupata hati za kuunganisha, kwa sababu watu walinunua kwanza wakauliza baadaye. Ninyi mnaweza kuzipata kwa aya moja ya zabuni. Bohari ya Dawa Tanzania na KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa na vifaa tiba Kenya, hununua kwa ajili ya vituo vingi kwa mpigo. Kampuni iliyonikatalia kijitabu mimi, fundi wa hospitali moja, itafikiri mara mbili kukinyima mnunuzi wa nchi nzima.

Aya yenyewe iseme nini? Kwanza, maelezo kamili ya namna kifaa au mfumo unavyotoa na kupokea data yakabidhiwe pamoja na kifaa, bila malipo ya ziada, na bila kifungu cha siri kinachomkataza fundi kuchapisha alichojenga kwa kutumia maelezo hayo. Hili la pili hupuuzwa, na ndilo linaloua. Fundi akipewa kijitabu kwa sharti la kunyamaza, kazi yake itaishia hospitali moja, na mwenzake wa Tabora ataanza moja, na wa Kisumu ataanza moja, kwa mashine ileile.

Halafu malipo ya mwisho yasitolewe mpaka muunganisho ujaribiwe na mfumo wetu uliopo, si na kompyuta ya maonyesho ya muuzaji. Wote tumeyaona maonyesho hayo.

Data itoke yote, na ya miaka ya nyuma, katika muundo unaosomeka na programu nyingine, siku yoyote hospitali ikitaka na hasa siku mkataba ukiisha. Kwa wakuu wa Kenya hili lina sura ya kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake katika muundo unaosomeka na mashine. Hospitali itamtimizia vipi mgonjwa haki hiyo ikiwa majibu yake yamo kwenye kanzidata ambayo nywila yake anayo muuzaji?

Kiungo kikae katikati, kwenye seva yetu. Kisiwe tumboni mwa mfumo wa mgonjwa, wala kwenye kompyuta ya kampuni. OpenHIM, iliyotengenezwa na shirika la Jembi la Afrika Kusini na iliyo huria, hufanya kazi hiyo ya upatanishi: inapokea ujumbe wa upande mmoja, inautafsiri, inaupeleka upande wa pili, na inaandika kumbukumbu kwamba umepita. Kampuni ikibadilika, kinachobadilishwa ni kitafsiri kimoja kidogo. Muunganisho ukisukwa ndani ya mfumo mkuu, kila mashine mpya inakuwa upasuaji. Na kwa ujumbe mpya wa kitabibu tumieni FHIR, kiwango kipya zaidi cha watu walewale wa HL7, ambacho hati zake ziko wazi kwa yeyote bila kulipa.

Kuhusu huduma za mtandaoni ambazo muunganisho wake ni ufunguo unaopewa na kampuni, hapo nina hofu kuliko kwenye waya wa maabara. Waya ukishajua unaongea nini, umejua. Ufunguo unaweza kuzimwa. Mwaka 2023 Twitter ilifuta sehemu kubwa ya matumizi ya bure ya kiolesura chake, yaani mlango ambao programu za wengine hupitia, na miezi michache baadaye Reddit ikaanza kutoza bei ambazo programu nyingi za watu wengine hazikuzimudu, zikafungwa. Waliotengeneza programu hizo hawakufanya kosa lolote la kiufundi. Walisimama juu ya kitu ambacho mwenyewe alikihamisha. Kwa mfumo wa hospitali, huduma ya namna hiyo iruhusiwe pale tu ambapo ikizimwa kazi inaendelea, hata kama ni kwa taabu. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha mama mjamzito tarehe ya kliniki unaweza kupita kwa kampuni, kwa sababu ukikwama muuguzi atapiga simu. Kumtambua mama huyo akifika dirishani kusitegemee seva ya mtu iliyo ng'ambo.

La mwisho ni la fedha, na najua hamlipendi. Programu huria haina ada ya leseni, lakini kitafsiri kinahitaji mtu wa kukitunza. Mashine zinabadilishwa programu za ndani, mistari inaongezeka sehemu, kitu kinavunjika Ijumaa jioni. Nimeona mikataba yenye mamilioni ya matengenezo ya programu funge na sifuri ya matengenezo ya kiungo. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wakurugenzi waseme baadaye kwamba programu huria haikufanya kazi. Tengeni fungu, hata dogo, na kila kitafsiri kilichoandikwa kwa fedha za umma kiwekwe wazi, chanzo na maelezo yake, ili wa mkoa mwingine akichukue na kukirekebisha.

Kwa wenzangu wa programu huria nina ombi moja. Wakuu wakikubali haya, tusiwageuke kwa kusema hatuandiki kitafsiri cha mashine ya kampuni fulani kwa sababu ni ya kampuni. Tuandike, tuchapishe, tuweke jina la kampuni na namba ya toleo la mashine, na pale ambapo kampuni imetoa kijitabu chake bila masharti, tuseme hivyo waziwazi. Mnunuzi mwingine atasoma.

Na kwenu waheshimiwa, ipo mikataba ya vitendanishi itakayofika mwisho na kuletwa mezani ihuishwe. Kabla hamjasaini, waiteni mtaalamu wa maabara na fundi wa mifumo chumbani, mashine ikiwa imewashwa, na muuzaji aonyeshe mstari wa R ukitoka kwenye mashine yake na kuingia kwenye faili la mgonjwa wa majaribio ndani ya mfumo wetu. Asipoweza, apewe muda, na kalamu ibaki mfukoni.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mifumo, hospitali ya umma, Kanda ya Ziwa